Jino Lililonyamaza

Siku mliyoniaga, vijana wangu wa chumba cha meno, mlinipa saa ya ukutani na doti ya khanga, kisha mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Kumpa saa mtu ambaye hana tena pa kuwahi, hilo nimewasamehe. La kuandika nimelikubali. Ila sitawaeleza nilipanda cheo lini, wala mshahara wangu wa kwanza ulikuwa kiasi gani. Mkiusikia mtacheka, na mimi nitalia. Nitawaeleza habari za koleo, za mwalimu wangu Mzee Shaame, na za mtani wangu Aikande, ambaye nimemwonea wivu tangu siku ya kwanza hadi Jumapili iliyopita. Nasema wivu, na sitafuti neno jingine la kuupaka sukari.

Mimi ni Mpare. Watani zetu husema Mpare akikosa wa kumshitaki humshitaki mbuzi wake. Kesi yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mbuzi. Miaka yote niliyofanya kazi Pemba nilitaka kujua jambo moja tu: Mungu ananipenda, au ananionea? Mtaona wenyewe jinsi kesi hiyo ilivyoingia mpaka kwenye vinywa vya wagonjwa.

Nilikuja huku nikimfuata mume wangu Elieza, askari polisi aliyehamishiwa Mkoani. Cheti changu cha utabibu wa meno kilikuwa bado kinanuka wino. Meli ilipoingia mkondo wa Pemba nilianza kutapika, nikatapika hata vitu ambavyo sikumbuki kuvila. Pembeni yangu alikaa mwanamke mwenzangu wa bara, kavaa blauzi nyeupe, anakula maandazi. Akanipa ndimu ninuse, akanifuta uso kwa leso yake, kisha akaendelea na maandazi yake.

"Kwenu wapi, dada?" akaniuliza.

"Usangi."

"Ohoo, kumbe mtani! Pole. Bahari imejua umekuja kuishitaki."

Huyo ndiye Aikande, Mchaga wa Machame, naye akimfuata mume, afisa wa forodha. Kumbe naye alikuwa tabibu wa meno, na kumbe tunakwenda hospitali moja. Tuliposhuka gatini mimi nilikuwa nimeloa kama dekio. Blauzi yake haikuwa na hata doa. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi, na mimi asubuhi ile niliiona, ila haikuwa yangu.

Mzee Shaame alitupokea mlangoni. Alikuwa mtu mfupi wa Kengeja, kofia safi, tochi ndogo mfukoni, na ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba cha meno kabla hamjazaliwa wengi wenu. "Karibuni wanangu," alisema. "Viti viwili, matabibu wawili, Mola kapanga." Viti vyenyewe kimoja kilikuwa dirishani, upepo unaingia, na cha pili kilikuwa kando ya jiko la kuchemshia vyombo, mvuke unakufukiza kutwa. Mimi nilikuwa bado namwamkia mzee, shikamoo na habari za nyumbani kama nilivyolelewa. Nilipogeuka, Aikande alikuwa ameshaweka mkoba wake dirishani.

Sasa sikilizeni namna tulivyofanya kazi, maana habari yote imelala hapo. Wagonjwa walikaa nje kwenye benchi. Kila asubuhi Mzee Shaame alipita mbele yao mmoja mmoja, akamulika kinywa kwa tochi, akagonga jino kwa mpini wa kioo, akasikiliza, kisha akanyoosha kidole: "Weye kwa Bi Aika. Weye kwa Bi Nakunda." Basi. Sisi tulidhani anagawa kwa zamu ya kufika.

Pemba ni kisiwa cha karafuu, na kwa mtu wa meno hilo si jema kama wageni wanavyodhani. Jino likimwanza mtu hafikirii hospitali. Anachukua punje ya karafuu, anaibana pale panapouma, ganzi inaingia, anarudi shambani. Kesho tena, na keshokutwa. Siwalaumu, maana hata sisi dawa ya kuziba jino kwa muda tunaichanganya na mafuta ya karafuu hiyohiyo. Lakini inafika siku jino linaacha kuuma lenyewe. Mtu anashukuru, anasahau kabisa kwamba alikuwa na jino bovu.

Siku hiyo ndiyo Mzee Shaame alinifundisha kuiogopa. "Jino linouma li hai," alikuwa akisema. "Likinyamaza, usikimbilie kumwambia ntu alhamdulillahi. Gonga kwanza." Jino lililonyamaza limekufa ndani, na usaha unatembea taratibu huko chini kwenye mfupa. Mgonjwa anarudi baadaye uso umevimba upande mmoja, na ukilishika jino kwa koleo linameguka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Meno ya namna hiyo yalikuja kwangu. Simaanishi mara mojamoja. Kila lililokufa, kila lenye mizizi iliyopinda, kila taya lililokakamaa, ni kiti changu. Kwa Aikande yalikwenda magego yanayocheza, meno ya utoto, meno ya mbele ya mabibi ambayo ungeyatoa kwa uzi. Alikuwa anang'oa, anampa mtu pamba, anamwita mwingine, na bado anapata nafasi ya kunywa chai dirishani.

Namkumbuka mvuvi mmoja wa Makoongwe, kifua kipana, gego la chini. Nililishika, kichwa cha jino kikabaki kwenye koleo na mizizi yote ikabaki kwenye taya. Nilipambana nayo asubuhi nzima. Mkewe, aliyekuwa akingoja nje, akachungulia mlangoni.

"Daktari," akasema, "mie nimekuletea mume ana jino. Usije ukanirejeshea jino sina mume."

Aikande akacheka mpaka chai ikamwagika. Mimi jasho lilikuwa linaniingia machoni. Mzee Shaame akaja akasimama nyuma yangu. Hakunishika mkono, hakunipokea koleo. Akasema tu, kwa sauti ya chini, "Jino halivutwi, mwanangu. Lisukume ndani kwanza, kama wataka kulirejesha lilikotoka. Likikubali kwenda ndani, litakubali kuja nje. Na usitumbue macho. Nkono hauna macho, ndiyo faida yake. Uwache usikilize." Nikafumba macho. Nikasukuma. Kikapita kitu kidogo chini ya vidole, kama fundo linalolegea, na mzizi ukaja wenyewe, umepinda kama ndoana. Vijana, fundisho hilo ni lenu sasa, mimi nimelilipia.

Lakini siku ile sikushukuru. Nilimtazama Aikande akipanguza blauzi yake, nikajiuliza kwa nini yeye hafundishwi kwa jasho.

Kanisa letu huku ni dogo, mnajua. Walimu wa bara, askari, wauza viazi na vitunguu, watumishi na familia zao. Mtu mmoja akihamishwa kikazi, kwaya inapoteza besi yote. Kwa uchache wetu tumeshika sana desturi ya ushuhuda: kila Jumapili kabla ya mahubiri, aliyepitishwa kwenye tanuru husimama akasimulia, na wengine wakaitikia. Hakuna aliyeandika sheria, lakini mwenye mateso makubwa ndiye hukaa benchi la mbele, karibu na kinanda, na baada ya ibada akina mama humshika mkono kwa mikono miwili.

Mchungaji wetu wa wakati ule alipenda fundisho moja kuliko yote. Mungu ni baba, alisema, na baba humrudi mtoto wake, yaani humchapa ili amnyooshe. Mtoto wa jirani hata akipanda juu ya paa, humchapi, kwa sababu si wako. Basi ukiona fimbo, usilie kama yatima. Ujue unaye baba.

Mwanzoni nililipenda fundisho hilo. Ni rahisi kulipenda kabla fimbo haijafika. Kisha figo za Elieza zikaanza kushindwa. Tukavuka kwenda Dar es Salaam na kurudi, tukavuka tena, na mimi kila safari natapika huku nimemshikilia yeye aliye mgonjwa kweli. Elieza alifariki wakati kitinda mimba wetu bado anatambaa. Masika yaliyofuata upepo ukaondoa mabati ya nyumba niliyopanga, wanangu wakalala kwa jirani. Halafu kifundo cha mkono wangu wa kulia, mkono wa koleo, kikaanza kuvimba.

Kila jambo nililisimulia kanisani, na watu walilia. "Nakunda, Mungu anakupenda sana wewe," akina mama waliniambia. Mdomo ulijibu amina. Moyo ulijibu: basi na ampende na Aikande kidogo.

Maana Aikande! Mumewe alirudi nyumbani jua bado lipo, na Jumapili alipika ndizi mwenyewe. Watoto wake hata mafua yaliwapitia mbali. Hata kuku wake walitaga msimu wa kideri, wa kwangu wakiwa wamelala miguu juu. Kila Jumapili alikaa benchi la tatu, leso nyeupe mkononi, na hakuwa amewahi kusimama kutoa ushuhuda. Nilimtazama mgongo wake ulionyooka, nikamwambia Mungu waziwazi: kama hii ndiyo dalili ya kupendwa, hamisha mapenzi.

Mzee Shaame alikuwa pia akimtuma mmoja wetu kwenda visiwa vidogo, Makoongwe na Kisiwa Panza, kuwang'oa watu meno hukohuko kwao. Mmoja wetu maana yake mimi. Boti lile sitaki kulizungumzia. Lakini kifundo changu kilipofungwa bendeji, Aikande alikwenda kwa mzee akaomba aende yeye. Nikadhani ni huruma, nikamshukuru. Mkono ukapona. Zamu hakuirudisha.

Na kule kwenye mateso yangu, yeye alistarehe. Bahari ilimtulilia. Wanawake wa Kisiwa Panza walimsuka nywele, walimpa pweza mkavu, walimfundisha nyimbo za kusindikizia harusi, na alirudi akiziimba hapo dirishani huku anapanga sindano. Shida niliyoilia mimi ilimtandikia mkeka. Nikashindwa kuvumilia.

"Mtani, nirudishie zamu yangu," nilimwambia. Tulikuwa wawili tu chumbani, tunatoa vyombo kwenye maji ya moto.

"Zamu ya kutapika unaitakia nini?"

"Ni yangu. Umenizidi kila kitu, na hiyo nayo unaichukua?"

Akaweka kifuniko juu ya sufuria, polepole. Nilipomtazama, alikuwa analia.

"Nimekuzidi nini, Nakunda?" akasema. "Nilikwenda kule nikitafuta na mimi angalau nitapike. Nikitafuta kitu cha kusimama nacho Jumapili. Bahari ikalala kama sahani. Kila wiki nasikia kwamba anayependwa hurudiwa. Wewe umerudiwa mpaka watu wanakuonea wivu. Mimi sijaguswa hata unywele. Naamka usiku namsikiliza mume wangu anavyohema, nasema labda leo. Hakuna. Nakunda, mimi kwani si wake? Mimi ndiye mtoto wa jirani?"

Nilitaka kumzaba kibao, nisiwafiche. Mimi nilikuwa naonea wivu usingizi wake, kumbe yeye anaonea wivu kaburi la mume wangu. Damu ilinipanda. "Basi chukua," nikamwambia. "Chukua na kifundo hiki, chukua na mabati, na kuku waliokufa uchukue."

Hakucheka. "Hata Mzee Shaame hanipi," akasema. "Hujaona? Jino bovu halijawahi kuja kwangu, tangu tumefika. Tochi ikimulika bovu, kidole kinakwenda kwako. Naye ameniona mimi sifai."

Nilikuwa sijaona. Kesho yake nikasimama mlangoni, nikatazama benchi. Mzee alimulika, akagonga, akasikiliza. Aliyeruka kwa maumivu alipelekwa dirishani. Aliyegongwa akatabasamu, akasema hasikii kitu, kidole kilimwelekeza kwenye kiti changu. Mmoja baada ya mwingine. Nikahisi masikio yanapata moto.

Wagonjwa walipokwisha nikamfuata. "Mzee, kumbe ni wewe!"

"Ndiye mie," akajibu, anafuta tochi yake. Hakuuliza nina maana gani.

"Miaka yote hii nadhani ni bahati yangu mbaya!"

"Bahati haijui meno, Bi Nakunda. Weye ulikuja hapa na nkono wa hasira. Nkono wa hasira ukiupa meno laini utavunja taya za watu. Nikaupa kazi mpaka upoe. Nkono wa Bi Aika ulikuja umepoa tokea kwao."

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mbaya?"

"Weye ndiye nliyekuwa nikisimama nyuma yako kutwa. Bi Aika nilimwacha na dirisha lake."

Niliyatafuta maneno ya kumshitaki nikapata haya tu: "Ungenipa hata jino moja laini, mzee. Moja tu la kupumzikia."

Akafikiri. Akavua kofia, akaitazama ndani. "Hilo kweli," akasema. "Nlisahau."

Mpaka leo sijui kama maneno yale yalinikasirisha au yaliniponya. Nikamweleza basi habari ya Aikande, kwamba analia kwa kukosa mabovu. Akashika kiuno. "Makubwa haya! Ntu anaulilia mtihani? Sisi kwetu twaomba upite mbali, ukija twaupokea. Na raha nayo ni mtihani, wengi huangukia hapo. Mwambie."

"Mwambie wewe. Mimi nitaonekana namsimanga."

Hakumwambia kitu. Lakini siku zake za kustaafu zilipokaribia, alikuja asubuhi moja shavu limevimba kama andazi. Mwalimu wetu, aliyetukataza karafuu miaka yote, alikuwa akijibania karafuu kwenye gego la juu kwa siri, mpaka jino likanyamaza, na sasa usaha umejibu. Tulimtania tukachoka. Mganga hajigangi, tulimwambia. Akaweka kidole mdomoni tunyamaze, akasimama katikati ya chumba, anatazama viti viwili.

Mimi nilikuwa nimeshapanguza kiti changu. Nimetandika kitambaa kipya, nimepanga koleo kwa ukubwa. Katika kazi yote niliyoifanya, kinywa kile ndicho nilichokuwa nimekistahili. Jino limekufa, mizizi ya juu, mtu mzima: jino langu kabisa. Mzee Shaame akapita mbele yangu, akaketi dirishani.

Sijawahi kuumwa na wivu kama asubuhi ile. Hata makaburini sikuumwa hivyo.

Aikande akawa mweupe kama blauzi yake. Akampiga ganzi, akangoja, akashika. Likavunjika. Nikasikia ule mlio ninaoujua mimi kuliko mtu yeyote Pemba. Akanigeukia, kipande cha jino kinaning'inia kwenye koleo. Mikono yangu ikainuka yenyewe. Mzee, mdomo wazi, damu kidevuni, akainua kidole kimoja na kukitikisa: hapana.

Basi nikafanya lile nililoliweza. Nikaenda nyuma ya Aikande, pale mzee alipokuwa akisimama nyuma yangu, na mikono yangu nikaifunga mgongoni isije ikanisaliti. "Usilivute," nikamwambia. "Lisukume ndani, kama unalirudisha kwao. Fumba macho. Mkono hauna macho, uache usikilize." Alifumba. Machozi yalimtoka chini ya kope na jasho likamtoka kotekote. Ilichukua muda mrefu mno. Mara mbili nilimwona anataka kuweka koleo chini. Nilijua ni wapi anakosea, na nikajua pia kwamba nikimshika mkono nitakuwa nimemwibia.

Ukatoka mzizi mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Damu ilikuwa imemrukia kifua kizima. Aikande akavikusanya vipande kiganjani, akanionyesha kama bibi harusi anavyoonyesha pete.

"Limevunjika, Nakunda! Umeona lilivyovunjika? Lote!"

Mzee Shaame akatema damu kwenye beseni, akakaa na pamba yake, jicho moja kwangu, jicho moja kwake. Ganzi ilikuwa bado imemshika mdomo, akasema kwa taabu, "Bovu la kwanza nimempa. Sikuwa na jingine la kumpa ela la kwangu."

Jumapili yake Aikande alisimama kutoa ushuhuda kwa mara ya kwanza. Alisimulia jino. Mchungaji akangoja msiba ufike, haukufika. Ilikuwa ni ganzi, na mizizi, na jasho, na kwamba alishindwa akasaidiwa bila kushikwa mkono. Alipokaa, kwaya haikujua iimbe nini. Watu walitazamana. Amina ya kwanza niliitoa mimi, na ilinitoka kwa shida kuliko gego lolote.

Hayo yamepita. Mzee Shaame ametangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Na mimi sasa nimepumzika kwangu Gombani, nasikia makelele ya mpira uwanjani bila kujua nani kafunga. Wanangu wana kazi zao. Mabati ni mapya, yamepigiliwa misumari ya kutosha meli. Kifundo cha mkono, tangu niache koleo, hakijaniuma hata siku moja. Nalala mpaka jua linaniamsha. Wapo watakaoniambia ni malipo ya uvumilivu. Huenda.

Aikande alistaafu kabla yangu kidogo, na mumewe amepatwa na kiharusi. Yule baba aliyekuwa akipika ndizi sasa analishwa uji kwa kijiko. Mimi hwenda kwake kumsaidia kumgeuza mgonjwa, maana mgongo wa mwenzangu umeanza kulalamika. Majuzi tulikuwa tunakamua mashuka pamoja, nikamuuliza kwa utani, "Haya mtani, umepata ulichokuwa unakitaka?"

Akakamua kwanza, akatundika. "Nilikuwa mjinga kukitamani," akasema. "Hakina utamu wowote, Nakunda. Wowote. Naapa naomba kipite." Kisha akanyoosha shuka kambani kwa viganja vyote viwili. "Ila lile swali la kama mimi ni wake, siulizi tena."

Nilirudi nyumbani sikula.

Jumapili iliyopita nilikaa benchi la tatu, na leso yangu mkononi. Mchungaji wa siku hizi ni kijana. Akaita, nani ana ushuhuda? Macho yake yalinipita kama yanavyopita dirisha. Sikuwa na kitu. Nikakumbuka wale wagonjwa wa Mzee Shaame waliokuwa wakitabasamu kwenye benchi, wakigongwa wanasema hawasikii kitu, na nikaogopa, vijana wangu, niliogopa kweli. Nikainamisha kichwa kama anayeomba, nikaanza kujigonga mwenyewe ndani, mahali baada ya mahali, kama nilivyofundishwa. Watoto: kimya. Mkono: kimya. Nikagonga hata kwa Elieza, na huko nako uchungu ulikuwa mbali, umezeeka, hauruki tena.

Ndipo Aikande akainuka pale mbele, karibu na kinanda, mahali palipokuwa pangu. Alishika mgongo wa benchi. Blauzi yake ilikuwa na doa la uji begani na wala hakulijua. Akafungua mdomo, kanisa zima likashusha pumzi kumsikiliza, akina mama wakaanza kutafuta leso. Na hapohapo, chini kabisa, pale pa wivu wangu wa siku zote, pakaniuma. Pakaniuma mpaka nikashika benchi kwa mikono miwili.

Nikamwambia Mungu, asante. Linauma bado.